Desemba ya Kinindo na saa moja iliyopotea mpakani

KININDO, kama mitaa mingine ya Bujumbura, haijui theluji. Hata hivyo wiki hii duka moja jirani na kwangu limeweka mlangoni mti wa Noeli wa plastiki, nao umefunikwa pamba kutoka juu hadi chini. Mtoto mmoja aliyetumwa sabuni alisimama akauangalia, kisha akamuuliza mwenye duka ile pamba ni ya nini.

“Theluji,” akajibiwa.

“Inauzwa bei gani?”

Watu waliokuwa dukani walicheka. Nje mvua ilikuwa imekatika sasa hivi, embe zilizoangushwa na upepo zimetapakaa chini ya ukuta, na joto linapanda tena. Hiyo ndiyo Desemba yetu: mvua, matope, embe na haraka.

Jioni hiyo mdogo wangu anayeishi Brussels alinipigia simu. Alikuwa anatoka kazini, anakimbilia treni, na kwake giza lilikuwa limeshaingia. Katikati ya Desemba jua la Brussels huzama kabla ya saa kumi na moja ya jioni. Kwetu, karibu na ikweta, jua huzama saa kumi na mbili na dakika chache, Desemba au Juni, tofauti ni ndogo. “Huku siku zimekuwa fupi, kaka, sifanyi kitu nikamaliza,” alilalamika. Nikamwambia hata huku, kwenye siku ndefu, hakuna anayemaliza.

Angalia asubuhi ya Kinindo. Foleni ya mafuta inaanza kabla ya alfajiri, na kuna magari yaliyolala hapo. Mabasi ya kwenda mjini ni machache kwa sababu hiyo hiyo. Baiskeli za abiria, bajaji na pikipiki zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji Machi 2022, kwa hiyo wengi tunavuka mto Muha kwa miguu, mwavuli mkono mmoja na viatu vya ofisini mkono wa pili. Ukifika kazini umeshatumia nguvu za nusu siku. Na mwezi huu kila mtu ana jambo la kumaliza kabla ya tarehe 25: mwanafunzi, fundi wa nguo, mwenye duka, mwandishi wa habari.

Lakini mwenye haraka kuliko wote mtaani kwetu ni mama mmoja anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ni mfanyabiashara wa mpakani kwa zaidi ya miaka kumi. Analeta mchele kutoka Tanzania, na kila Desemba anaongeza nguo za watoto, kwa kuwa mzazi wa Bujumbura anaweza kukosa nyama ya Noeli lakini hawezi kumpeleka mtoto kanisani na gauni la mwaka jana. Ameniruhusu niandike habari yake, ila jina akasema libaki nyumbani.

Mwezi wa Novemba alikopa fedha katika kikundi chake cha akiba. Wasomaji wengi wa gazeti hili mnavijua vikundi hivi. Wanachama wananunua hisa kila wiki, wanakopeshana, na mwisho wa mwaka mikopo yote inarudi, sanduku linafunguliwa, kila mmoja anachukua chake na faida yake. Vikundi vingi hugawana kabla ya Noeli, na chao kinagawana Jumapili hii, tarehe 22 Desemba. Asiyerudisha mkopo hukatwa hisa zake. Hilo la kukatwa, anasema, si kubwa. Kubwa ni kukaa mbele ya wanawake ishirini waliokuamini huku kila mmoja anahesabu ada ya mtoto na unga wa nyumbani kwa fedha ulizozishika wewe.

Hesabu yake ilikuwa nzuri. Magunia kumi na mawili ya mchele na marobota mawili ya nguo yangefika ghala la wakala wake upande wa Tanzania Alhamisi ya wiki iliyopita. Ijumaa tarehe 13 angekwenda mwenyewe, apokee mzigo, avuke, na Jumamosi mchana awe anauza Kinindo. Angebaki na siku nane kabla ya mgao.

Wakala alimwambia kwenye simu, “Mama, njoo kabla ya saa kumi. Saa kumi nafunga ghala.”

Ijumaa alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Basi la kwenda kusini lilikaa kituoni hadi saa nne likisubiri mafuta. Walipita Rumonge mvua ikinyesha, wakapita Nyanza-Lac, na alipofika mpakani simu yake ilisema saa tisa na dakika ishirini. Alishukuru Mungu. Ana dakika arobaini. Akanywa maji, akapanga karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki, akavuka bila haraka.

Alipofika ghalani alikuta kufuli. Upande ule ilikuwa imeshafika saa kumi na nusu.

Yeyote anayevuka kati ya Burundi na Tanzania anajua kwamba saa zetu zimepishana saa moja. Kigoma iko mbele ya Bujumbura. Yeye pia anajua, na amevuka mara nyingi hata hazihesabiki. Lakini siku hiyo alikuwa ameamka usiku wa manane, akili yake iko kwenye mafuta, mvua na mkopo, na lile neno “saa kumi” likaingia masikioni kama saa kumi ya nyumbani kwake. “Sikukosa karatasi, sikukosa fedha,” aliniambia. “Nilikosa kuuliza saa ya nani.”

Saa hiyo moja ikazaa siku nne. Wakala alikuwa ameshaondoka kwenda harusini kijijini. Jumamosi asubuhi upande wetu ni kazi za jumuiya, maduka yamefungwa na magari hayatembei mpaka zimalizike. Na mchana, gari alilokuwa amekodi halikuwa na mafuta. Jumapili ghala halikufunguliwa. Mzigo ulivuka Jumatatu, gari likalala Rumonge likitafuta mafuta, na magunia yalishushwa Kinindo Jumanne saa tatu usiku, mvua ikinyesha. Mimi na vijana wawili wa jirani tulisaidia kuyabeba.

Tulipomaliza, aliketi juu ya gunia akanitazama. “Mwanangu,” akasema, “uliandika gazetini habari ya dola 2,000. Nilisoma, na imenisaidia. Lakini hukuandika habari ya saa.”

Ni kweli. Mwaka huu niliandika kuhusu utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, zinaweza kupita kwa Cheti Rahisi cha Uasili kinachotolewa papo hapo mpakani, bila kulipa ushuru wa forodha. Mama huyu alikitumia kwa mchele wake. Kwa nguo hakukitumia, kwa kuwa zimetengenezwa China, na kuuzwa Kigoma hakuzifanyi kuwa bidhaa za Kigoma. Alizitenga mapema, zikaandikwa peke yake na kulipiwa ushuru, mchele ukapita kwa njia yake. Wanaochanganya vitu hivi viwili katika karatasi moja ndio wanaoanza mabishano yasiyokwisha. Pia anajua kwamba cheti hicho kinaondoa ushuru wa forodha tu. Kodi na tozo nyingine za ndani zinaweza kubaki palepale.

Yote hayo alikuwa ameyaweka sawa. Kilichomwangusha ni kitu ambacho sisi waandishi wa habari za kanda hatukioni kuwa habari.

Nilirudi nyumbani nikakaa na ramani. Burundi iliingia katika Jumuiya Julai 1, 2007, pamoja na Rwanda. Kongo ilijiunga mwaka 2022, na Somalia ikafuata. Leo Jumuiya ina nchi nane na saa tatu tofauti. Tanzania, Kenya, Uganda na Somalia zina saa moja. Burundi, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo ziko nyuma yao kwa saa moja. Kinshasa na magharibi yote ya Kongo wako nyuma zaidi. Ikiwa saa kumi Kigoma, ni saa tisa Bujumbura na Uvira, na saa nane Kinshasa. Mdogo wangu wa Brussels, wakati huu wa baridi, saa yake ni ile ile ya Kinshasa.

Simu nayo haikuondolei mashaka. Ukiwa karibu na mpaka inashika mnara wa upande huu, kisha wa upande ule, na kama umeiacha ijipange yenyewe, saa inaruka mbele na kurudi nyuma bila kukuaga. Mama anasema siku hiyo, alipokuwa amesimama mbele ya kufuli, simu ilibadilika mkononi mwake ikasoma saa kumi na nusu. “Ilinicheka,” alisema.

Mwezi mwingine saa moja ni saa moja tu. Desemba ni tofauti, kwa sababu milango imebaki michache na wote tunaikimbilia pamoja. Mpaka wa Rwanda ulifungwa upande wa Burundi Januari 2024, na waliozoea kufuata bidhaa za Noeli Kigali wamegeukia Tanzania. Barabara ya Gatumba inayotupeleka Uvira ilifunikwa na maji mwezi wa Aprili 2024, na kila mvua kubwa inarudisha wasiwasi kwa wanaoitumia. Malori yanayoingia kupitia Kobero lazima yapande hadi Bugarama kabla ya kuteremka Bujumbura, na huko juu ukungu wa Desemba humfanya dereva awashe taa mchana na kwenda mwendo wa mtu anayetembea. Ziwa nalo, ambalo mwaka 2024 liliingia hadi ndani ya nyumba za ufukweni Kibenga, si la kuchezewa msimu huu.

Kwa hiyo nilimwomba mama anipe yale ambayo mimi sikuandika. Alinipa matatu, huku akipima mchele.

La kwanza, usikubali saa isiyo na mji. Mtu akikwambia “saa kumi”, mwambie arudie: saa kumi ya Kigoma, au ya Bujumbura? Mwandike hivyo hivyo kwenye ujumbe, zote mbili, ili asiyejua asome mwenyewe.

La pili, weka saa ya simu kwa mkono, isijibadilishe, au vaa saa ya mkononi iliyo kwenye saa za upande unaokwenda kununua. Yeye ameshatoa saa ya marehemu mumewe kabatini, ameitia betri na kuiweka kwenye saa ya Kigoma.

La tatu, hesabu Desemba kuanzia mwisho kurudi nyuma. Toa siku za sala, toa Jumamosi asubuhi, toa siku moja ya mafuta na siku moja ya mvua. Zinazobaki ndizo siku zako za biashara. “Mimi nilihesabu siku nane,” alisema. “Kumbe zilikuwa nne, hata bila kufuli.”

Ninapoandika haya ni Jumatano usiku. Kati ya magunia kumi na mawili, saba yamekwisha. Nguo zimeuzwa robota moja na nusu. Magauni meupe ndiyo yaliyotangulia kwisha. Ili alipe mkopo wote Jumapili, anahitaji kuuza magunia matatu zaidi kwa bei aliyopanga, au yote matano kwa bei ya hasara kidogo. Ameamua kwamba Ijumaa ikifika jioni bila matatu hayo kuisha, atashusha bei. Faida ya Noeli itapungua, lakini ataketi kwenye mgao uso ukiwa juu.

Mimi nimenunua kilo ishirini na tano. Si za Kinindo. Mama yangu yuko Gitega, na kila Jumapili jioni ananiuliza swali moja: Noeli utakuja? Mwaka jana nilimwambia nitakuja, kisha kazi ikanishika, nikafika tarehe 28 na mkate mkononi. Hakulalamika. Alisema tu kwamba walinisubiri kula mpaka saa tisa, kisha watoto wakalala na njaa ya mchezo.

Safari hii nimekata tiketi ya Jumatatu badala ya Jumanne, nikitoa siku moja ya mafuta na nusu siku ya ukungu wa Bugarama. Nimeweka sweta juu ya mfuko wa mchele, maana huko mlimani ndiko tunakokutana na baridi yetu. Mhariri ameshaambiwa, na makala haya yamefika mezani kwake mapema.

Nilipompigia mama kumweleza, aliniuliza nitafika saa ngapi. Nikamwambia saa kumi jioni.

“Saa kumi ya wapi?” akauliza. Nadhani mdogo wangu wa Brussels ameshamsimulia.

“Ya kwako, mama,” nikajibu. “Ya Gitega.”