Kijiji Kilichofuatwa na Serikali

Sisi tunaokaa Ganjoni, hapa kisiwani Mombasa, mara chache hulifikiri jina la mtaa wetu. Ganjo ni mahali palipohamwa, nyumba au mji ulioachwa na wenyewe ukabaki magofu. Wakilindini, ambao ni mmoja katika ile Miji Mitatu ya Mombasa, walikuwa na mji wao upande huu wa kisiwa kabla hawajahamia kule Mji wa Kale. Leo pana maghorofa, magereji na maduka ya vipuri, na apitaye hapo hana habari kwamba chini ya lami palikuwa na mji wa watu.

Hata mimi sikuwa nimelitia maanani jambo hilo mpaka mwishoni mwa mwaka 2024, nilipofunga safari kwenda Dodoma kumtazama mpwa wangu. Binti huyu, mtoto wa dada yangu, aliolewa na kijana wa Kigogo aliyesilimu, nao wanakaa kwa baba yake mume katika kijiji kimoja kando ya Mtumba, ulipojengwa Mji wa Serikali. Jina la kijiji nalificha, kwa kuwa mambo ya shamba la mkwe wetu hayajamalizika.

Kutoka Dar es Salaam nilipanda ile treni mpya ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka huo huo. Nilikaa kitini saa nne hivi, nikilala na kuamka. Njiani nikawafikiria babu zetu wa misafara, waliotoka Bagamoyo kwa miguu, majuma kwa majuma, wakaikata Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, ndipo waingie Ugogo ndimi zimewakauka. Na hapo ndipo walipokutana na hongo. Mtemi wa Kigogo ndiye mwenye visima na ndiye mwenye njia. Asiyetoa nguo, ushanga na masango ya shaba hapiti wala hanywi. Waungwana wa pwani waliokuwa na bunduki mabegani walikaa siku kadhaa wakibembelezana bei, na mwishowe walilipa. Ukisoma habari za safari za Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, utaona Ugogo haikuwa nchi ya kupita bure.

"Mbukwenyi!" aliniamkia mzee, mkwe wetu, nami nikajibu "Mbukwa" kama nilivyofundishwa na mpwa wangu kwenye simu. Akafurahi sana. Yeye mwenyewe ni Mkristo wa Anglikana, kama walivyo Wagogo wengi, lakini siku hiyo kuku alichinjwa na mwanawe ili mgeni asiwe na shaka. Tukala ugali wa uwele na mlenda. Mlenda, msomaji, huteleza kuliko bamia, na mtu wa Mombasa aliyezoea wali wa nazi itambidi astahimili siku mbili tatu.

Nilitarajia kuona tembe, zile nyumba za Kigogo zenye mapaa bapa ya udongo, zilizojengwa kuzunguka zizi la ng'ombe. Nilionyeshwa moja tu, nayo imegeuzwa ghala. Nyingine zote ni za matofali na bati. Jioni nilisikia ngoma kwa mbali, nikaambiwa ni akina mama wanapiga muheme, maana kwa Wagogo ngoma hiyo hupigwa na wanawake, wameibana kati ya mapaja. Zilipigwa kidogo zikanyamaza. Ulikuwa msiba, si harusi.

Habari ya makao makuu ni ndefu. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kuihamisha serikali kutoka Dar es Salaam kuja Dodoma, na kazi hiyo ilitarajiwa kuchukua miaka kumi. Ikaundwa mamlaka ya kustawisha mji, CDA, ambayo iliishi mpaka Mei 2017. Miaka kumi ikapita, na ishirini, na arobaini. Wizara zilibaki kule kule baharini, na wakulima wa uwele wakaendelea kungoja mvua. Kisha mwaka 2016 Rais Magufuli akasema sasa tunahama, Waziri Mkuu akahamia mwaka huo huo, na Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba. Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Ikulu mpya ya Chamwino, pale pale ambapo Mwalimu Nyerere, miaka ya mwanzo ya ujamaa, alifyatua matofali pamoja na wanakijiji.

Hiyo miaka arobaini na mitatu ya kungoja ndiyo iliyowaponza wengi. Mzee alinieleza hivi: mtu akikwambia kila mwaka kwamba mvua inakuja na isije, siku inapokuja kweli hujaezeka paa. Watu wenye fedha walipofika baada ya 2016 wakitafuta mashamba, jirani zake walidhani ni hadithi ile ile ya tangu wangali vijana. Wakauza ekari kwa ekari kwa bei ya kununulia pikipiki. Pikipiki zimekwisha kufa, na mashamba yale yamekatwa viwanja.

Na kuna jambo jingine ambalo wengi hawakulijua. Kijiji kina halmashauri yake, na kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 halmashauri hiyo ndiyo msimamizi wa ardhi ya wanakijiji. Mji ukikua ukakimeza, kijiji hugeuka kuwa mtaa. Mwenyekiti hubaki na muhuri wake na kiti chake, lakini ardhi imetoka mikononi mwake. Hakuna aliyefukuzwa, wala hakuna aliyebomolewa. Ni neno moja tu limebadilika katika daftari.

Sisemi serikali ilikosea kuhamia huko. Umeme umefika, barabara ni ya lami, na mpwa wangu huamka alfajiri akakaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi, akawauzia makarani wa wizara, wengi wao wakiwa wa Dar na Tanga waliokwisha kukata tamaa ya kuyaona. Na sisi watu wa Mombasa tunapenda kulia kwamba Nairobi ilitunyang'anya makao makuu mwaka 1905. Bado sijamsikia hata mmoja wetu akiuliza Wamasai walikwenda kunywesha ng'ombe wao wapi. Huko Indonesia nako, tangu 2022, ndugu zetu Waislamu wanajenga mji mkuu mpya, Nusantara, katika kisiwa cha Borneo, na wenyeji wa Sepaku wana mashaka yale yale juu ya ardhi na makaburi ya wazee wao.

Maana kwa mkwe wetu shida yenyewe ilikuwa kaburi. Mpwa wangu alifiwa na mtoto wake wa kwanza, wa miaka miwili, akazikwa pembeni mwa shamba chini ya mbuyu, ameelekezwa kibla. Wapimaji walipokuja kukata viwanja, bikoni moja ilisimikwa hatua tatu kutoka kichwani mwake. Kaburi hilo halikuwamo katika mchoro. Msomaji anajua kwamba kufukua maiti katika dini yetu si jambo jepesi, ila kwa dharura, na binti yangu huyu alikuwa hapati usingizi.

Utaratibu ni kwamba shamba likipimwa, mwenyewe huachiwa baadhi ya viwanja, na vingine huenda kwa gharama za upimaji na njia. Wenzake wote walichagua vya mbele, vinavyotazama barabara, ambako duka moja laweza kulisha nyumba nzima. Tulikuwa tumekaa chini ya mbuyu mzee aliponiambia:

"Bwana, babu zangu waliwatoza babu zako hongo kwa kupita tu na kunywa maji. Hawa wamekuja kukaa, na anayelipa ni mimi."

Kisha akaniuliza kama kwetu pwani mtu mdogo kama yule huwekewa jiwe au hapana. Nikamwambia alama ndogo yatosha, ili watu wasikanyage. Akainuka, akachukua panga, tukaenda kukata miiba. Tuliizungushia mpaka adhuhuri, yeye akifunga na mimi nikimshikia. Kiwanja alichochagua ni hicho cha nyuma, chenye mbuyu, kisicho na njia ya gari.