Chapati, Ulezi na Utumbo Usiopatana na Ngano

Unga wa ngano una tabia ambayo unga wa mahindi, mtama au muhogo hauna: ukitiwa maji na kukandwa hunata, huvutika bila kukatika, na ukitiwa hamira huishika hewa ndani yake mpaka donge likaumuka. Tabia hiyo ndiyo inayowezesha chapati kusukumwa ikawa nyembamba na mahamri kufura ndani ya mafuta, na ndiyo sababu hakuna mpishi, hata awe hodari namna gani, anayeweza kusukuma chapati ya kukunja kwa sembe tupu. Kinacholeta mnato huo ni protini iitwayo gluteni, ambayo imo katika ngano na katika nafaka mbili za ukoo wake, yaani shayiri na rai, hii ya pili ikiwa nafaka ya nchi za baridi inayotumika kwa mikate myeusi. Kwa watu wengi gluteni ni chakula kama chakula kingine. Lakini kwa wachache, wanaokadiriwa kuwa karibu mtu mmoja katika kila mia duniani, huchochea ugonjwa wa kudumu uitwao seliaki, ambao tiba yake mpaka sasa hutafutwa jikoni kuliko katika duka la dawa.

Ndani ya utumbo mwembamba mna vinyweleo vidogo mno, vilivyosimama mfano wa nyuzi za zulia la manyoya, na kazi yake ni kupanua eneo ambalo virutubishi hufyonzwa na kuingia katika damu. Mwenye seliaki anapokula gluteni, kinga ya mwili, ambayo iliwekwa ipambane na vijidudu, huichukulia gluteni kuwa adui, na katika kuishambulia huushambulia utumbo wenyewe, hasa kimeng'enya kiitwacho transglutaminasi, ambacho watafiti wa Ujerumani walikitambua mwaka 1997 kuwa ndicho kinacholengwa, na ambacho leo ni msingi wa kipimo cha damu cha ugonjwa huu. Vinyweleo hufupika na hatimaye hulala kabisa, kama zulia lililokanyagwa miaka mingi. Chakula hupita, lakini mwili haupati haki yake. Seliaki basi ni tofauti na mzio wa ngano, ingawa mambo haya mawili huchanganywa sana: mwenye mzio huweza kuvimba midomo au kubanwa pumzi muda mfupi baada ya kula, ilhali mwenye seliaki huharibika polepole, na pengine bila kuhisi lolote kwa miaka. Ugonjwa huu hauambukizi. Kwa sehemu hurithiwa, kwa kuwa takriban wagonjwa wote hubeba jeni za aina ya DQ2 au DQ8, lakini watu walio wengi wenye jeni hizo hula mkate maisha yao yote wasidhurike, jambo linaloonyesha kwamba kurithi peke yake hakutoshi kuleta ugonjwa.

Dalili zake ndizo zinazoufanya uwe mgumu kutambulika, hususan katika nchi ambazo tumbo lina maadui wengi. Mtoto anayeharisha kwa muda mrefu, tumbo likiwa limetuna na miguu imekonda, katika Afrika Mashariki hufikiriwa kwanza kuwa na minyoo, amiba au utapiamlo, na mara nyingi dhana hiyo ni sahihi. Kwa mtu mzima mambo hufichika zaidi: kuna ambaye haharishi hata kidogo, ila ana upungufu wa damu unaokataa kupona kwa vidonge vya madini ya chuma, kwa kuwa vidonge hivyo navyo vinahitaji kufyonzwa na utumbo ule ule ulioharibika, kuna ambaye mifupa yake inakuwa myepesi kabla ya uzee, au anayesumbuliwa na vidonda vya mdomoni, uchovu usioelezeka, kushindwa kushika mimba, au malengelenge yanayowasha mno kwenye viwiko, magoti na makalio. Usipotibiwa kwa miaka mingi, ugonjwa huu huongeza hatari ya aina fulani ya saratani ya utumbo, ijapokuwa saratani hiyo ni nadra.

Tabibu Aretaeus wa Kapadokia, katika Uturuki ya leo, alieleza hali inayofanana na hii katika karne za mwanzo baada ya Kristo, na neno lake la Kigiriki lenye maana ya tumbo ndilo lililozaa jina linalotumika hadi leo. Ilipofika mwaka 1888 daktari Mwingereza Samuel Gee aliandika maelezo ya ugonjwa huo kwa watoto, akasisitiza kwamba kama mgonjwa ataweza kuponywa hata kidogo, basi itakuwa kwa chakula. Hakujua ni chakula gani. Alimtaja mtoto aliyestawi kwa kulishwa kome wa Uholanzi kila siku, kisha akarudi katika unyonge msimu wa kome ulipokwisha. Na msomaji wa leo anaona wazi kwamba kome hao hawakuwa na uganga wowote, bali waliijaza nafasi ya mkate. Katika miaka ya 1920 daktari wa Marekani, Sidney Haas, alipata sifa kubwa kwa kuwatibu watoto kwa ndizi, naye kwa muda mrefu aliamini kwamba siri imo katika ndizi zenyewe.

Aliyekigusa kiini ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, ambaye tangu miaka ya 1930 alikuwa akiwaondolea wagonjwa wake ngano. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, nchi hiyo ikiwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani, chakula kilizuiwa kufika katika miji ya magharibi na watu kwa maelfu wakafa kwa njaa. Mkate ulitoweka, na watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu. Katika dhiki hiyo watoto wenye seliaki walipata nafuu, na mkate uliporudi, maradhi nayo yakarudi. Mwaka 1950 Dicke aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht, akionyesha kwamba ngano ndiyo inayodhuru, na utafiti aliofanya na wenzake ukaibana sababu mpaka kwenye gluteni. Ni nadra katika historia ya tiba kwa njaa kuwa shahidi wa upande wa mgonjwa.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba seliaki ni ugonjwa wa Wazungu, na imani hiyo ilipata pigo kutoka jangwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999, uliofanywa miongoni mwa watoto Wasaharawi wanaoishi katika kambi za wakimbizi kusini-magharibi mwa Algeria, uligundua ugonjwa huu kwa asilimia 5.6 ya watoto waliopimwa, kiwango kinachozidi mara kadhaa kile cha Ulaya. Watu hao zamani waliishi kwa maziwa na nyama ya ngamia; ngano iliongezeka kwao katika enzi ya ukoloni na baadaye kupitia misaada ya chakula, mpaka mkate ukawa mlo wa kila siku. Kusini mwa Sahara ugonjwa huu hutajwa kwa nadra, na sehemu ya sababu ni kwamba jeni husika si za kawaida sana kwa jamii nyingi za huko, na nafaka zao za asili hazina gluteni. Hata hivyo, Kenya na Tanzania leo huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano zinayoitumia, na chai ya asubuhi bila mkate, maandazi au chapati imekuwa jambo la ajabu mijini.

Hapa ndipo panapojitokeza kinyume kinachostahili kutazamwa. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki chapati ni chakula cha sikukuu na cha kumheshimu mgeni, ilhali ulezi, mtama, uwele, muhogo na viazi vitamu huonekana kuwa vyakula vya kijijini, vya bibi na babu, au vya mwezi uliokaukiwa na fedha. Kwa mwenye seliaki ngazi hiyo hupinduka. Ugali wa mahindi, ulezi, mtama au muhogo, wali, makande, matoke, magimbi, maharage, samaki, nyama, maziwa, mayai, mboga na matunda vyote ni salama kwa asili yake, na hata upande wa vitafunio hajanyimwa, kwa kuwa vitumbua na mkate wa sinia hutengenezwa kwa mchele. Mgonjwa wa London au Toronto hulazimika kununua kwa bei kubwa mikate maalumu iliyoundwa kuiga ngano; aliyeko Morogoro au Kisumu anaweza kuishi vizuri bila kuviona vifurushi hivyo, na kwa kweli anayemshauri aanze kuviagiza kutoka ng'ambo anamwingiza katika gharama isiyo na lazima.

Ugumu uko katika gluteni iliyojificha. Unga wa lishe, ule unaopikiwa watoto na wagonjwa uji wa kuwapa nguvu, mara nyingi huchanganywa ngano pamoja na mahindi, ulezi, soya na karanga, hivyo kinachokusudiwa kumwinua mgonjwa ndicho kinachomwangusha. Mashine ya kusaga ya mtaani husaga mahindi ya huyu baada ya ngano ya yule, na unga uliobaki kwenye mashine hauna mwenyewe. Chipsi hukaangwa katika mafuta yaliyotoa sambusa. Samaki hupakwa unga kabla ya kukaangwa. Mchuzi huongezwa kijiko cha unga ili uwe mzito. Soseji na sosi ya soya huwa na ngano ambayo ulimi hauitambui. Neno kimea nalo linataka tahadhari, kwa sababu kimea cha ulezi au mtama kinachotiwa katika togwa hakina neno, lakini kimea cha bia nyingi za viwandani ni cha shayiri. Tambi na bokoboko havihitaji kuelezwa.

Tahadhari hizi si kupindukia mipaka. Katika utafiti mmoja, wagonjwa waliomeza miligramu 50 za gluteni kila siku kwa miezi mitatu, kiasi ambacho ni chembe tu ya kipande cha mkate, walionekana kuharibika utumbo. Na kanuni za kimataifa za vyakula huruhusu chakula kiitwe kisicho na gluteni pale tu kinapokuwa na gluteni isiyozidi miligramu 20 katika kila kilo. Ndiyo maana mgonjwa huhitaji kaango na mwiko wake, na nyumba yenye busara humpikia kwanza, kabla unga wa chapati haujatapakaa mezani.

Nje ya nyumba yake, mzigo huwa wa kijamii zaidi. Utamaduni wa kula pamoja katika sinia moja, ambamo mikono iliyomega chapati huchota katika wali ule ule, humweka mgonjwa katika hali ya kuonekana mwenye maringo, na mgeni anayekataa alichopikiwa huonekana kumdharau mwenyeji. Kwa Mkatoliki jambo hilo hufika mpaka altareni, kwani hostia lazima iwe ya ngano. Vatikani ilifafanua mwaka 2003 kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa si halali kwa sakramenti, ila yenye gluteni kidogo inakubalika, na muumini anaweza pia kukomunika kwa divai peke yake. Mgonjwa anayezungumza na padri wake mapema hatakuwa wa kwanza kuleta suala hilo.

Anayefuata mlo huu sawasawa huanza kupata nafuu katika muda wa wiki kadhaa, ingawa vinyweleo vya utumbo huchukua miezi, na kwa watu wazima pengine miaka, kusimama tena. Mlo wenyewe ni wa maisha, maana nafuu si ruhusa ya kurudi kwenye maandazi. Ndugu wa damu wa mgonjwa, yaani wazazi, watoto, kaka na dada zake, wana uwezekano mkubwa kuliko watu wengine wa kuwa na ugonjwa huo, hivyo wanafaa kupimwa hata kama hawaumwi. Kipimo huanza kwa damu, na kwa kawaida huthibitishwa kwa kuchukua vipande vidogo vya utumbo kwa mrija wenye kamera unaopitishwa kinywani. Lakini vipimo vyote viwili hutafuta uharibifu unaoletwa na gluteni, na aliyekwisha kuacha ngano kwa ushauri wa jirani au wa simu huweza kupata majibu yanayosema hana ugonjwa ilhali anao. Kwa hiyo yeyote anayeshuku kwamba ana seliaki aende hospitali akiwa bado anakula chapati.