MARADHI YA FANGASI YA KANDIDA: DALILI ZAKE NA TIBA

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanatanabahishwa kwamba muwasho na ute usio wa kawaida katika sehemu za siri si jambo la kufichwa, wala la kutibiwa kwa vidonge vilivyobaki kabatini. Mara nyingi chanzo chake ni kandida, kimelea cha jamii ya kuvu ambacho ni ndugu wa hamira ya kuumulia maandazi.

Kandida huishi mdomoni, tumboni na ukeni mwa watu wengi bila ya kuwadhuru. Huzaana kupita kiasi pale mwili unapoacha kuizuia, hususan baada ya matumizi ya antibiotiki, wakati wa ujauzito, kwa wenye kisukari kisichodhibitiwa na kwa wale ambao kinga yao imepungua. Joto na unyevunyevu wa visiwani huizidisha kwenye ngozi, chini ya matiti na kinenani.

Kwa mwanamke, dalili zake ni muwasho mkali, wekundu na uvimbe, maumivu wakati wa kukojoa, na ute mweupe mzito mithili ya maziwa yaliyoganda, ambao kwa kawaida hauna harufu mbaya. Ute wenye harufu ya samaki, au wa kijani wenye povu, huashiria maradhi mengine yenye dawa nyingine. Hivyo kupimwa kituoni kwa hadubini ni bora kuliko kubahatisha.

Ifahamike pia kwamba kandida haihesabiwi miongoni mwa maradhi ya zinaa. Mwari ambaye hajaolewa huipata, na mke mwaminifu huipata. Mume anayemtuhumu mkewe kwa sababu ya ute mweupe pekee humdhulumu. Mume huyo naye akiona vipele au muwasho kwenye uume, atibiwe. Asipokuwa na dalili, hahitaji dawa.

Mtoto mchanga hufanya utando mweupe ulimini na ndani ya mashavu. Mabaki ya maziwa hufutika kwa urahisi, lakini utando huu hung'ang'ania, na ukibanduka huacha wekundu. Dawa yake ni matone ya nistatini, na mama mwenye maumivu ya chuchu hutibiwa pamoja naye bila ya kuacha kunyonyesha. Mtu mzima mwenye utando kama huo, hasa akiumia anapomeza, aende hospitali bila ya kuchelewa na apimwe virusi vya UKIMWI.

Tiba ya ukeni ni nyepesi: kidonge kimoja cha klotrimazoli cha miligramu 500 kinachowekwa ukeni, au kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150 cha kumeza. Mjamzito asimeze flukonazoli. Yeye hupewa klotrimazoli ya kuweka ukeni, kwa kawaida kwa siku 7. Antibiotiki haziui kuvu, bali huipa nafasi. Kuosha ndani ya uke kwa sabuni, ndimu au dawa za kuulia vijidudu hudhuru. Maji safi kwa nje yatosha, na nguo za ndani ziwe za pamba, zikauke vyema kabla ya kuvaliwa.

Anayerudiwa na maradhi haya mara 3 au zaidi katika mwaka mmoja asiendelee kununua dawa dukani. Afike kituo cha afya, apimwe sukari na damu.