Usingoje mvua ndipo usie mbegu za mboga

Kila mwaka mambo huwa yale yale. Masika yanapoanza mwezi wa Machi, watu hukimbilia madukani kununua mbegu za sukuma wiki. Mbegu hizo hukaa kitaluni mwezi mmoja au zaidi, kisha shambani karibu miezi miwili, na mboga ya kwanza huchumwa mvua zikielekea kwisha. Wanaoumia hasa ni mama mjamzito na mtoto mdogo, ambao miili yao huhitaji madini ya chuma na asidi ya foliki ya kutengeneza damu, na vitamini A ya kulinda macho.

Kwa hivyo, msomaji, hesabu kwa kurudi nyuma. Ikiwa masika kwenu huanza katikati ya Machi, sia mbegu katikati ya Februari. Kwa mvua za vuli za Oktoba, sia mwanzoni mwa Septemba. Usiogope kiangazi, maana kitalu cha meta moja kila upande hakihitaji maji mengi. Mkebe uliotobolewa matundu chini watosha kukinyunyizia.

Kabla ya kusia, zijaribu mbegu zako. Funga mbegu 20 katika kitambaa chenye unyevu, uziweke mahali penye joto kwa wiki moja. Zikichipua 15 au zaidi, ni nzuri. Zikichipua tano, hata samadi ya ng'ombe kumi haitakusaidia.

Lainisha udongo na uchanganye na samadi iliyooza sawasawa. Chora mistari iliyoachana kwa sentimita 15, yenye kina cha sentimita moja tu. Mbegu za managu na mchicha (terere) ni ndogo mno, basi zichanganye na mchanga mkavu zisirundikane. Funika kwa nyasi kavu, nawe uziondoe mara tu miche inapochomoza, kisha uijengee kivuli chepesi. Mwagilia asubuhi. Miche iliyosongamana na kuloweshwa kupita kiasi huoza shingoni na kuanguka, na wengi hudhani imekosa maji, wakazidi kuimwagilia!

Wiki moja kabla ya kuihamisha, punguza maji na kivuli ili miche ikomae. Pandikiza jioni ikiwa na majani manne au matano. Sukuma wiki iachane kwa sentimita 45 au 60.

Saga haipendi kuhamishwa, kwa hivyo isie pale pale itakapokulia. Tena mbegu zake zilizovunwa juzi huota kwa shida. Ziweke miezi mitatu au zaidi kwanza. Anayetaka mboga ya haraka na asie mchicha, ambao huwa tayari kwa muda wa wiki nne hivi. Managu nayo haina haja ya duka. Chuma matunda yaliyoiva kabisa, yaponde ndani ya maji, osha mbegu na uzikaushe kivulini. Matunda mabichi ya kijani yana sumu, basi waonye watoto wasiyale.

Jambo jingine la kuangaliwa ni mbegu za dukani zilizopakwa rangi nyekundu, buluu au kijani. Rangi hiyo ni ishara kwamba zimetiwa dawa, mara nyingi ya kuua ukungu. Zishike kwa glavu au mfuko wa plastiki na unawe kwa sabuni. Zikibaki, usizioshe ukapika, wala usiwatupie kuku. Mtoto akizimeza, mpeleke hospitalini upesi, pamoja na pakiti yenyewe ili daktari aijue dawa iliyotumika.

Mboga ikifika jikoni, ioshe kabla ya kuikata, uipike kwa muda mfupi na mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A haifyonzwi vyema pasipo mafuta. Wanaochemsha saga na kumwaga maji mara mbili tatu ili kuondoa uchungu huyamwaga na manufaa yake mengi. Afadhali kuutuliza uchungu huo kwa maziwa. Kamulia ndimu au kula chungwa baada ya mlo, mwili upate kuyatumia madini ya chuma. Chai ingoje saa moja hivi, kwani huyazuia madini hayo yasiingie mwilini.