Utangulizi: "Mwana" katika Majina ya Kike ya Pwani

Kwa kuanzia, daftari la mahudhurio la shule yoyote ya Tanga, Unguja au Lamu linatosha. Shuka hadi herufi ya M uwasome wasichana: Mwanaisha, Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwanaidi, Mwanamvua. Mgeni atadhani wote ni watoto tu, huyu wa Ijumaa, yule wa mvua. Kwa Mwanamvua huenda akapita. Kwa Mwanaisha amekwama, maana mamake Mwanaisha si lazima awe Aisha.

Katika Kiswahili cha kale cha Lamu, Pate na Mombasa, "mwana" lilikuwa pia neno la kumtukuzia mwanamke mwungwana. Masimulizi ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi, malkia wa mji kabla ya Shehe Mvita. Huko Siu, kisiwani Pate, mtawala aliitwa Bwana Mataka na mkewe Mwana Kupona. "Mwana" wa mke alikaa sambamba na "bwana" wa mume. Mwaka 1858 Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi wa kumuusia mambo ya dini na ndoa, na binti mwenyewe ni Mwana Hashima. Basi Mwanaisha ni Bibi Aisha, ila heshima imegandana na jina hata makarani wakaviandika pamoja.

Majina ya siku yana utamu wake. Mvulana wa Alhamisi huitwa Hamisi, msichana Mwanahamisi; "mwana" ndilo linalotujulisha kwamba huyu ni wa kike. Wapo wanaoshikilia kuwa maana ni mtoto wa Alhamisi, basi. Mimi naona utoto na ubibi vimo humo vyote viwili, wala sioni haja ya kuvigombanisha. Ulimi nao hukata njia: Mwanajuma akawa Mwajuma, Mwanaisha akawa Mwanasha.

Usidhani kila binti alizaliwa na cheo. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alizaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa. "Siti" alilipata ukubwani, kwa sauti yake, nalo pia ni neno la kumwita bibi mwenye hadhi. Kwa hiyo ukikutana na jina la kike la Pwani, uliza maana yake, kisha uulize ni nani aliyelitoa na mwenyewe alikuwa na umri gani.