UKUBWA WA IONI ZA METALI NZITO NA USALAMA WA MAJI

Wakazi wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa, hasa waishio karibu na machimbo ya bati, wanaelezwa kwamba kuchemsha maji huua vijidudu, bali hakuondoi metali nzito. Mkaa uliotayarishwa kwa maganda ya kahawa huweza kuzinasa juu ya uso wake, ila si zote sawasawa.

Ioni ya risasi, yenye nusu kipenyo cha pikomita 119, ni kubwa kuliko ya kadimi, yenye pikomita 95. Hata hivyo, ikiwa majini hujivika tabaka jembamba zaidi la maji, na kwa kawaida hunata upesi zaidi.

Hivyo, maji yaliyoondolewa risasi yasihesabiwe salama kabla ya kupimwa kadimi pia.