Hasira za Mkizi Uwanjani: Je, Ukali Humfaa Mchezaji au Humponza?



Mama mmoja wa mtaani kwetu alitujia baada ya sala ya Alasiri, akasimama kando ya mlango wa madrasa mpaka watoto walipokwisha kutoka. Mwanawe ana umri wa miaka 14, na ni katika vijana wanaosifiwa sana kwa kusakata kabumbu. Siku mbili kabla ya hapo kijana huyo alitolewa uwanjani kwa kumpiga mwenzake kiwiko, nasi tulikuwapo, tukamkemea mbele ya watu wote. Tulidhani mama amekuja kutulalamikia. Haikuwa hivyo.

"Maalim," alisema, "kocha wake aniambia nisimkanye sana. Asema mpira wa mwanangu umo ndani ya hasira zake. Nikimtoa hasira nitakuwa nimemtoa na mpira. Sasa mimi naogopa. Nikimwacha ataumiza mtoto wa mwenziwe. Nikimzuia, huenda nikamuulia kipaji alichopewa na Mola wake. Nifanyeje?"

Hatukuwa na jibu la papo hapo, na tulimwambia hivyo. Makala haya ndiyo jibu letu. Tumeonelea tuyaweke hapa, kwa kuwa tunaamini nyumba yenye swali kama hili si moja.

Usiku wa Berlin

Tuanze na kisa ambacho wengi wetu tulikishuhudia kwa macho kwenye televisheni. Tarehe 9 Julai 2006, katika Uwanja wa Olimpiki mjini Berlin, Ufaransa na Italia zilikutana katika fainali ya Kombe la Dunia. Nahodha wa Ufaransa alikuwa Zinedine Zidane, mzaliwa wa Marseille wa mwaka 1972, ambaye wazazi wake walihamia Ufaransa kutoka Algeria. Kwa jina lake na asili yake, wengi huku kwetu tulimwona kama mtoto wa nyumbani. Alikuwa amekwisha kutangaza kwamba baada ya mashindano hayo angestaafu.

Dakika ya 7 Zidane alipiga penalti kwa utulivu wa ajabu: aliuchota mpira taratibu, ukagonga mwamba wa juu na kuangukia ndani ya lango. Dakika ya 19 beki wa Italia, Marco Materazzi, akasawazisha kwa kichwa. Mchezo ukaingia muda wa nyongeza. Dakika ya 104 Zidane aliupiga mpira kwa kichwa kuelekea langoni, na kipa Gianluigi Buffon akaupangua. Kisha, dakika ya 110, baada ya kushikwa jezi na kurushiana maneno na Materazzi, Zidane alikwenda mbele hatua chache, akageuka, akarudi na kumpiga kichwa cha kifua. Refa Horacio Elizondo wa Argentina akatoa kadi nyekundu.

Picha iliyobaki katika kumbukumbu za watu ni ya nahodha huyo akitoka uwanjani ameinamisha uso, akilipita Kombe lenyewe lililokuwa limewekwa pembeni. Italia ilishinda kwa mikwaju ya penalti, 5 kwa 3. Hatuwezi kusema kwamba Zidane angebaki Ufaransa ingeshinda; hilo ni la ghaibu. Tunaloweza kusema ni kwamba penalti zilipigwa, na mpigaji wao bora hakuwapo.

Wazee wetu walikwisha kulisema jambo hili zamani: hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Mkizi huruka kwa ghadhabu, akaangukia mwenyewe ndani ya chombo. Mvuvi hana haja hata ya kutupa nyavu.

Vipi kuhusu heshima ya dada?

Hapa msomaji ana haki ya kutusimamisha. Materazzi mwenyewe alikuja kukiri kwamba maneno aliyoyasema yalimgusa dada yake Zidane. Ni nani katika sisi atakayesikia dada yake akitajwa kwa ubaya na moyo wake usichemke? Zidane alipojitokeza kwenye televisheni siku chache baadaye, aliwaomba radhi watoto waliomtazama, lakini alikataa kusema kwamba anajuta.

Sisi hatuidharau ghera. Mtu asiye na ghera juu ya watu wa nyumba yake ana upungufu. Lakini na tuulize swali la pili: je, dada yule alifaidika nini? Neno lilisemwa sikioni mwa mtu mmoja, katikati ya kelele za uwanja. Lau Zidane angelimeza, lingekufa pale pale kwenye nyasi. Baada ya kichwa kile, magazeti ya dunia nzima yakaanza kutafuta ni neno gani lililosemwa, mpaka wakatafutwa watu wa kusoma midomo. Tusi la mtu mmoja likawa habari ya mamilioni. Kumkinga mtu ni jambo moja na kulipiza kisasi ni jambo jingine, hata kama yote mawili yatoka katika moyo unaopenda.

Hoja ya kocha

Hata hivyo, tusimdhulumu kocha. Asemalo lina sehemu ya ukweli, na kisa cha Zidane huyo huyo chaweza kutumiwa kumtetea. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1998 alitolewa kwa kadi nyekundu katika mechi dhidi ya Saudi Arabia, kwa kumkanyaga mchezaji. Alifungiwa mechi mbili. Katika mechi ya pili kati ya hizo, dhidi ya Paraguay, Ufaransa ilihangaika mpaka muda wa nyongeza ndipo Laurent Blanc akaiokoa. Zidane akarudi, na tarehe 12 Julai akafunga mabao mawili katika fainali dhidi ya Brazil, ambayo Ufaransa ilishinda 3 kwa 0. Mabao yote mawili yalikuwa ya kichwa. Kichwa kile kile kilicholeta Kombe mwaka 1998 ndicho kilichoonyesha hasira Berlin mwaka 2006.

Watu husema, "Mwaona? Mkali ndiye mshindi." Lakini tutazame kwa makini. Mabao yale hayakufungwa na hasira. Yalitokana na kona mbili, kwa kusubiri mpira, kuupimia na kuruka kwa wakati wake. Hasira ilikuwa imechukua sehemu yake mapema, nayo ilikuwa ni mechi mbili za kukaa nje.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Roy Keane, aliyekuwa nahodha wa Manchester United, mtu aliyejulikana kwa ukali kuliko wengi. Tarehe 21 Aprili 1999 timu yake ilicheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Turin dhidi ya Juventus, na ndani ya dakika 11 ilikuwa imefungwa mabao mawili. Keane akafunga moja kwa kichwa. Muda mfupi baadaye akaonyeshwa kadi ya njano kwa kumchezea vibaya Zidane, ambaye wakati huo alikuwa wa Juventus, na kadi hiyo ilimaanisha kwamba hata timu yake ikishinda, yeye hatacheza fainali. Mtu mwingine angevunjika moyo au angelipuka. Keane alizidi kukimbia na kukaba mpaka mwisho, Manchester ikashinda 3 kwa 2, na wenzake wakaenda kulitwaa kombe yeye akiwa nje.

Miaka miwili baadaye, tarehe ile ile ya 21 Aprili, mwaka 2001, Keane huyo huyo alimrukia Alf-Inge Haaland wa Manchester City kwa mguu, kwa sababu ya kinyongo alichokiweka tangu mwaka 1997. Alipewa kadi nyekundu. Alipoandika katika kitabu chake mwaka 2002 kwamba alikusudia kumuumiza, alifungiwa mechi tano na kutozwa faini ya pauni 150,000.

Ni mtu mmoja na moto mmoja. Turin aliukimbilia mpira. Manchester alimkimbilia mtu. Hapo ndipo penye tofauti yote.

Mwili wafanya nini?

Mtu anapoghadhibika, tezi zilizo juu ya figo zake humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, misuli mikubwa hupata damu zaidi, na pumzi huwa fupi. Kwa anayekimbia au anayegombea mpira wa juu, hayo yaweza kumfaa kwa muda mchache. Lakini macho nayo huwa kama yametiwa katika mwanzi: humwona aliye mbele tu, na mwenzake aliye huru upande wa pili hamwoni. Mguu ulio tayari kupiga teke kali si mguu wa kutoa pasi ya taratibu.

Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwajaribu panya kwa kuwapa mishtuko ya umeme wakijifunza kuchagua njia. Katika kazi nyepesi, mshtuko mkali uliwafanya wajifunze upesi. Katika kazi ngumu ya kupambanua, mshtuko ulipozidi kiasi uliwaharibia. Mpira una kazi za aina zote mbili. Moto kidogo huamsha. Ukizidi, huunguza kwanza zile kazi nyeti ambazo ndizo kipaji chenyewe: pasi, shuti lililopimwa, penalti. Kwa hivyo aogopaye kuua kipaji kwa kuizuia hasira, na aogope zaidi kukiua kwa kuiachia.

Maulamaa wetu hawakuwa mbali na haya. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha akili na mwindaji, matamanio na farasi wake, na hasira na mbwa wake. Hakusema mbwa auawe. Alimlaumu hata mtu asiye na hasira kabisa, kwa kuwa hatatetea haki. Alilotaka ni mbwa afunzwe: atumwe akatumika, aitwe akarudi. Na nyote mwaikumbuka Hadithi ya mwanamieleka, ilivyokiondoa kipimo cha nguvu katika mikono na kukiweka katika kuimiliki nafsi.

Jibu letu kwa mama

Kwanza, mama yangu, mtazame mwanao anaponyang'anywa mpira. Akiukimbilia mpira, hiyo ni juhudi; mwache, na umwombee dua. Akimkimbilia aliyemnyang'anya, hiyo ni hasira, hapo mshike. Kocha wake amezichanganya hizi mbili, na wengi huzichanganya.

Pili, tuache kuisifu hasira majumbani. Mtoto wa miaka mitatu akimpiga mwenziwe tunacheka na kumwita simba. Akifika miaka 14 twataka awe kondoo. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Tatu, kijana afundishwe tendo, asiambiwe tu "tulia". Sunna imetuelekeza kwamba aliyesimama akaghadhibika aketi, na hasira isipomwondoka alale. Uwanjani hawezi kulala, lakini aweza kuinama. Atafute jambo dogo la kufanya kwa mwili wake kabla ya kufanya la kujutia. Arudipo nyumbani, atawadhe kwanza, ale, ndipo mzungumze.

Nne, asikate tamaa aliyeteleza. Mwaka 1998 David Beckham wa Uingereza alichokozwa na Diego Simeone wa Argentina, akampiga teke akiwa amelala chini, akatolewa, na timu yake ikashindwa kwa penalti. Nchi yake ilimlaani. Mwaka 2002, akiwa nahodha, alisimama mbele ya Argentina ile ile kupiga penalti, akatulia, akafunga, na Uingereza ikashinda 1 kwa 0.

Na la tano latuhusu sisi wenyewe. Siku ile tulimkemea kijana kwa sauti, mbele ya wenziwe, na sisi tukiwa tumekasirika. Tulikuwa tukimfundisha kuacha hasira kwa hasira. Tulimwita, tukamwomba radhi. Alinyamaza, akaitikia kwa kichwa.

Wiki tatu baadaye tulikwenda kuwatazama tena. Kipindi cha pili alikwatuliwa vibaya, na refa hakupuliza. Alisimama, mikono imekunjwa ngumi, na mama yake, aliyekuwa ameketi na wenzake kwenye kivuli cha mwarobaini, akafunika uso kwa leso. Kijana aliinama. Akaanza kufunga kamba za viatu vyake, ambazo hazikuwa zimefunguka. Alizifunga kwa muda mrefu. Alipoinuka aliufuata mpira.

Timu yake ilifungwa siku hiyo. Mama alirudi nyumbani akitabasamu.

Wabillahi tawfiq.